Mgombea wa Kusindikiza

Tangu nihamie nchi hii, mtu mmoja tu ndiye anayeniita wakili. Ni wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tunaishi naye nyumba moja, na ananiita hivyo kwa kejeli. "Wakili wa mashuka," husema nikirudi kazini, "leo umeshinda kesi ngapi?" Kazi yangu iko kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Nasimama mbele ya mashine kubwa ya kupiga pasi, mwenzangu ananirushia ncha mbili za shuka, tunalinyoosha, linaingia upande wetu na kutokea upande wa pili likiwa moto. Nyumbani nilikuwa wakili wa mahakamani, na joho langu bado liko ndani ya sanduku chini ya kitanda. Hapa vyeti vyangu havitambuliki mpaka nisome upya, na kusoma upya kunataka mtu mwenye nafasi, si mimi mwenye watoto wa kulisha.

Kwa hiyo kiti cha afisa sheria kilipobaki wazi kwenye tawi letu, nilikitaka. Sitazunguka mbuyu katika hili. Tawi lenyewe ni la wanachama wa chama chetu walioko ughaibuni, watu wa kawaida wanaokutana Jumapili kubishana juu ya siasa za nyumbani. Afisa sheria halipwi kitu. Anasoma mkataba wa ukumbi, anaeleza kanuni watu wakigombana, na mwanachama akiitwa na ofisi ya uhamiaji anakwenda naye. Hayo yote ningeyafanya kwa moyo, lakini ukweli ni kwamba nilitaka kitu kimoja. Nilitaka watu waniite kwa kazi yangu.

Hakuna mwingine aliyejitokeza, na hapo ndipo penye tatizo, kwa sababu katiba ya chama inasema hakuna kiti kinachojazwa bila ushindani. Tawi limejizoesha kutafuta msindikizaji. Anaombwa mtu mmoja mpole agombee, ili karatasi iwe na majina mawili, ashindwe kwa adabu, apigiwe makofi, arudi kukaa. Kila mtu anajua, na hakuna anayeona ubaya. Mwaka jana msindikizaji wa kiti cha mweka hazina alikuwa fundi bomba, akapata sifuri. Katibu aliisoma sifuri hiyo kwa sauti, ukumbi ukacheka, na fundi bomba akacheka nasi. Tangu siku hiyo hajakanyaga tena tawini. Ukikutana naye dukani anainama kusoma maandishi ya kwenye kopo mpaka upite.

Safari hii aliombwa kinyozi. Ni mtu wa sauti ya chini, vichwa vyote vya wanaume wa tawi vinapita mikononi mwake, na vya wanawake wengine pia. Hakuwa na haja na cheo chochote. Kila aliyekaa kwenye kiti chake alimwambia, "Mimi nasindikiza tu. Ila msiniache na sifuri kama fundi bomba." Alisema akicheka, lakini alisema akiwa na wembe mkononi. Mume wangu alirudi kutoka kunyolewa akanisimulia, tukacheka sote.

Jumapili ya uchaguzi niliitoa suti yangu ya mahakamani na kuitandika kwenye meza ya pasi. Wifi alikuwa ameegemea mlango wa jikoni na kikombe chake cha chai.

"Wifi, hiyo suti itaungua," alisema. "Unaipiga pasi tangu tuamke."

"Ina mikunjo."

"Mikunjo iko usoni kwako. Suti imeshanyooka."

Nilichomoa pasi. Chumbani nilimwambia mume wangu kwamba kuna kura moja ambayo nina hakika sitaipata, na ni ya dada yake. Alikuwa anafunga kamba za viatu. "Hata ukiikosa hiyo," alisema, "utashinda kwa kishindo. Nani wa kushindana na wewe? Kinyozi?"

Ukumbi wetu uko juu ya duka la matairi, kwa hiyo mambo yote ya chama tunayazungumza ndani ya harufu ya mpira. Meza kuu ilikuwa imetandikwa kitambaa cheupe. Mwenyekiti, ambaye siku za kazi ni dereva wa basi, alitusomea utaratibu kwa sauti ileile anayoitumia kuwaambia abiria wasogee nyuma. Akamwita kinyozi ajieleze.

Kinyozi alisimama ndani ya suti iliyomfunika mikono hadi kwenye vidole. "Mimi sheria ninayoijua ni moja," alisema. "Upande wa kulia usiwe mfupi kuliko wa kushoto. Asanteni." Watu walicheka na kupiga makofi, akakaa akijifuta shingo.

Kisha mimi. Niliongea vizuri, na kama hiyo ni kujisifu basi najisifu. Sauti yangu ya mahakamani, ambayo nilidhani imekufia kwenye mvuke wa hoteli, ilitoka kamili. Nilieleza kanuni za tawi, nikaeleza tulivyopunjwa kwenye mkataba wa ukumbi, nikaeleza namna ya kumtetea mwanachama anayeonewa. Nilimwona mzee mmoja wa safu ya mbele akitikisa kichwa kwa kukubali. Nilipokaa, mume wangu alinikonyeza.

Tukapewa vikaratasi. Sasa, tawi letu lina adabu yake, kwamba mgombea hajipigii kura. Ukijipigia wewe ni mlafi, hata kama hakuna atakayejua. Niliandika jina la kinyozi kwa mwandiko mzuri, nikakunja, nikatumbukiza kwenye sanduku la viatu lililotobolewa juu. Nilijisikia mkarimu. Nikasema moyoni kwamba angalau maskini hatatoka mikono mitupu.

Katibu, ambaye ni muuguzi, alianza kufungua karatasi na kusoma, na mwenyekiti akawa anachora mistari ubaoni.

"Kinyozi," alisoma. Watu wakatabasamu.

"Kinyozi." Mtu wa nyuma akapiga mluzi. Nami nilitabasamu, nikajua moja kati ya hizo ni yangu.

"Kinyozi. Kinyozi." Hapo tabasamu lilianza kunikauka, lakini nililishikilia kwa kuwa watu walikuwa wananitazama. Katibu alisoma nyingine, akasita, akaitazama upande wa nyuma kana kwamba huenda jina langu liko huko. "Kinyozi." Mwenyekiti alichora mstari polepole. Kule chini tulisikia mtu akizungusha tairi. Kinyozi mwenyewe alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama.

Mahali fulani katikati, katibu alisoma jina langu. Nikadhani sasa zinaanza. Zilizofuata zote zilikuwa za kinyozi, mpaka katibu akapindua sanduku la viatu na kulipiga kitako, na hakikudondoka kitu.

Kura moja. Nilitazama ule mstari wangu mmoja ubaoni na sikuuelewa. Kijasho chembamba kilinitiririka mgongoni ndani ya suti niliyoinyoosha asubuhi nzima. Nilikuwa nimewahi kushindwa kesi, tena nyingi. Lakini kesi ukishindwa unaiona inakuja. Hii haikubisha hodi.

Hakuna aliyepiga makofi. Nilipoinua macho niliona jambo lililonishangaza zaidi: na wao walikuwa mdomo wazi. Walitazamana kama watu walioambiwa nyumba yao inaungua na kila mmoja anakumbuka kwamba ni yeye aliyeacha jiko likiwaka.

"Jamani," mwenyekiti alisema, "hii imekuwaje?"

Katibu aliweka sanduku chini. "Mimi nilimpa kinyozi," alisema taratibu. "Nilijua dada atashinda tu. Nikamkumbuka fundi bomba, nikaona huruma."

"Hata mimi," alisema yule mzee wa safu ya mbele.

"Na mimi."

"Mimi pia. Nilisema moja haitamdhuru."

Maneno hayo yalipita safu kwa safu, kila mtu akikiri huku anatazama sakafu, hadi mwenyekiti naye akainua mkono wake wenye kalamu. Nilimgeukia mume wangu. Alikuwa anachunguza viatu vyake.

"Na wewe?"

"Nilijua utashinda, mke wangu," alinong'ona. "Aliniambia akiwa na wembe shingoni kwangu. Ningefanyaje?"

Niliumia. Niliumia kuliko kama wangenikataa, kwa sababu mtu akikukataa unaweza kumchukia na ukalala. Hawa walikuwa wameniangusha kwa kuniamini. Nilifungua mdomo niwape vipande vyao, nikakumbuka karatasi yangu mwenyewe na ule mwandiko mzuri. Nikaufunga.

Kinyozi alipiga hatua moja mbele. "Mimi kiti hiki sikitaki," alisema. "Mnanijua. Nimesindikiza tu. Nakataa, apewe dada."

"Kanuni inaruhusu?" mwenyekiti aliuliza, na kwa mazoea ya tawi, swali la kanuni huelekezwa kwa afisa sheria. Ukumbi mzima ukamgeukia kinyozi. Kinyozi akanigeukia mimi.

"Dada, wewe ndiye unayejua," alisema. "Nikikataa, kiti kinakuja kwako?"

Hakuna mwingine pale aliyekuwa amekisoma kifungu hicho. Ningesema ndiyo, wangeshangilia, mume wangu angeinua kichwa chake, na kesho ningeingia kwenye mvuke nikiwa mtu mwingine. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lakini nilichokuwa nakitaka ni uwakili, na nisingeweza kuuanza kwa kuipinda kanuni mbele ya watu waliotegemea kwamba siipindi.

"Hapana," nilisema. "Ukikataa, kiti kinabaki wazi hadi uchaguzi mwingine, na tawi litakaa bila afisa sheria kabisa. Mwanachama akipata shida hakuna wa kumwakilisha. Itabidi ukubali."

Sauti yangu haikutikisika, na hilo tu ndilo nililojipongeza nalo. Kinyozi alikaa polepole, kama mtu anayekaa kwenye kiti cha daktari wa meno. Makofi yalikuja machache, yakafa.

Mkutano ulipofungwa watu walinikwepa. Nilijikaza nikaenda kwa kinyozi. Nilidhani ile kura moja niliyopata ni ya kwake, kwa adabu yetu ya wagombea, na nilitaka angalau kuwa muungwana.

"Asante kwa kura," nilimwambia.

Alinitazama nusura alie. "Dada, nisamehe. Mimi nilijipigia. Niliiogopa sifuri."

Kama si yeye, ni nani? Nilizipitia sura kichwani, mmoja mmoja, wote wale waliosema na mimi, na mimi. Watu walikuwa wanapanga viti juu ya viti. Kwenye meza kuu, wifi alikuwa anahangaika peke yake na kile kitambaa cheupe, kirefu kuliko mikono yake. Nikakumbuka kwamba watu walipokuwa wanakiri na safu yake ikafikiwa, yeye alikuwa anatazama dirishani na hakusema lolote.

Nilikwenda nikashika ncha mbili za upande wa pili. Tulikivuta kikanyooka.

"Wifi, ni wewe?"

"Mimi nini?"

"Ile kura."

"Inua, kinaburuza chini."

Niliinua. Tulikunja mara ya kwanza, tukasogeleana, akachukua ncha zangu bila kunitazama.

"Kwa nini?" niliuliza.

"Hawa wote walikuwa na uhakika," alisema. "Mimi nilikuona asubuhi na ile suti. Mtu mwenye uhakika hapigi pasi namna ile. Nikasema huyu akikikosa hiki kiti atavunjika moyo. Wengine nao wakimwonea huruma kinyozi, nimwonee huruma nani mimi?"

"Nilidhani hunipendi."

"Nani kakwambia nakupenda?"

Nilitaka kucheka, kikatoka kilio. Nililia wazi, mbele ya katibu na mwenyekiti na mume wangu aliyekuwa ameganda na viti mikononi. Nililia kwa ajili ya kiti, na kwa ajili ya joho chini ya kitanda, na kwa sababu katika ukumbi mzima wa watu walionipenda, aliyenipigia kura ni huyu ambaye tulikuwa hatupeani hata kijiko bila neno. Nilikuwa nimeshika mkunjo wa kitambaa, nikajifutia uso humohumo.

"Wakili," wifi alisema, "usilie kwenye kitambaa cha watu."

Nilisubiri amalizie na 'wa mashuka' yake. Hakumalizia. Alikichukua kitambaa, akakikunja mara ya mwisho juu ya kifua chake, akaenda kukirudisha kabatini.