Gauni la Bonge

Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana, msusi hufunga mlango wa mbele wa saluni yake, hufagia nywele zilizoanguka, kisha hupanga viti chumba cha nyuma, viwili viwili. Kimoja cha mtu mwenyewe, cha pili cha mwenzake wa zamani. Viti vya hao wa zamani havina mikono, kwa sababu vyenye mikono huwabana mapaja, na msusi hataki mtu abanwe kwake.

Wanaokuja ni watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Msusi naye alifanyiwa, kabla hata hajaitwa bibi. Shingoni huvaa kijiko cha chai kilichofungwa kwa uzi, ndicho anacholia chakula popote aendapo, iwe harusini au msibani. Ndiyo maana wanamwita Mama Kijiko.

Wale wa zamani hawaji siku ile ile. Mtu hutoka hospitali, hulala kwake, hunywa supu yake kidogo kidogo. Wiki chache zikipita, ule mwili aliouacha hufika kwa miguu, umechoka, na begi mkononi, kama abiria aliyeachwa na basi. Hubisha hodi. Wengine huwafungulia. Wengine huzima redio wakajifanya hawapo, na hao Mama Kijiko huwagombeza sana.

"Njaa yako amebaki nayo yeye," huwaambia. "Ukimfukuza, nani atakukumbusha kula? Tumbo lako dogo hilo, halina kauli."

Jumamosi hiyo alikuwepo dereva wa lori na wa zamani wake, ambaye alikuwa anasinzia huku kitambi kimetulia magotini kama mtoto aliyeshiba. Dereva alikuwa amemshikia kofia. Na alikuwepo binti wa Mama Fundi, anayekata tiketi kwenye dirisha la stendi ya mabasi. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu. Mama yake alikaa kwenye benchi la wasindikizaji karibu na mlango, na mkoba juu ya mapaja.

"Haya, wa dirishani," alisema Mama Kijiko. "Unakulaje?"

"Nasahau."

"Unasahau vipi kula, wewe?"

"Naamka, naenda kazini, jioni nashangaa sahani iko vilevile ilivyofunikwa. Sisikii chochote. Mahali pa njaa pamekuwa kama chumba kilichohamwa."

"Vidonge vyako vya vitamini unameza?"

"Nikikumbuka."

"Hivyo si vya kukumbuka, mwanangu. Hivyo ni vya maisha, kama jina." Mama Kijiko alivuta kiti karibu. "Sikiliza. Anza na yai, au samaki, au maharage, vingine baadaye. Kijiko kidogo. Tafuna mpaka usahau ulichokuwa unatafuna. Tonge usilolitafuna litakutafuna wewe. Maji usinywe na chakula, subiri. Soda na vitu vitamu achana navyo, vitakutetemesha na kukutoa jasho mbele za watu. Nywele zitaanguka, usizilie, zitarudi. Na mume naye akianguka usimlilie vilevile, ila huyo si lazima arudi."

Dereva alicheka. Wa zamani wake alifumbua jicho moja, akalifumba.

"Na wako yuko wapi?" Mama Kijiko aliuliza, akigusa kile kiti kitupu.

"Hajafika."

"Miezi yote hii?"

"Nimeacha mlango wazi mpaka majirani wamenisema."

"Basi yuko mahali. Huwa hawapotei. Asiyekuja kwako ameenda kwa mtu mwenye kitu chake. Mtafute, maana rangi uliyo nayo siipendi."

Pale kwenye benchi, Mama Fundi alifungua mkoba akatazama ndani, akaufunga. Hakuwa anatafuta kitu. Alijua huyo anayesubiriwa yuko wapi. Alikuwa kwake, chumba cha cherehani, ameketi kwenye kigoda kando ya meza ya kukatia, tena yeye mama alikuwa amemwachia chai kwenye chupa.

Upasuaji wenyewe haukuwa na kosa, hilo lisemwe mapema watu wasije wakawaogopa madaktari bure. Binti alikuwa na sukari na magoti yalikuwa yamekataa ngazi. Daktari alimweleza yote, akakubali mwenyewe, akapasuliwa salama. Sukari ikashuka. Magoti yakanyamaza. Watu wa stendi waliozoea kusema eti amelijaza dirisha mpaka tiketi hazipati pa kutokea, wakaanza kumsalimia kwa adabu. Tabu ilikuwa moja tu: kiti cha kazini kilianza kumuumiza mifupa, na mama yake akampelekea mto mgumu aliokuwa anaukalia mwenyewe kwenye cherehani.

Bonge ndilo jina binti aliloitwa tangu utotoni, nyumbani na mtaani. Baada ya upasuaji hakuna aliyeweza kumwita hivyo tena, likabaki halina mtu. Ndipo asubuhi moja mwenye jina akabisha hodi kwa Mama Fundi. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu, la mwisho kushonewa kabla ya hospitali, limeachia mishono makwapani.

"Umekuja," alisema Mama Fundi.

"Nimekuja, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Umepotea njia? Mwenzio anakaa kule karibu na stendi."

"Napajua. Nimekuja kuchukua gauni kwanza."

"Gauni gani?"

"Linalonitosha."

Mama Fundi alimkaribisha chai, kwa kuwa mgeni ni mgeni. Bonge alikula vizuri, akasifu chakula, akasimulia vituko vya wodini mpaka mama akajikuta anacheka. Binti wa sasa alikuwa hachekeshi. Alikuja, akasalimia, akaangalia saa. Kwa hiyo siku ya kwanza ikapita, na ya pili, na kila binti alipokuja kumtazama mama yake, Mama Fundi alifunga mlango wa chumba cha cherehani na kusema kuna vumbi.

Sasa, kuhusu hayo magauni. Huyu mama alikuwa fundi mwenye mkono safi, maharusi walikuwa wanapanga foleni. Lakini tangu binti yake alipokuwa msichana mdogo na mashavu yake, alikuwa na mtindo mmoja. Alimpima sawasawa, akachora chaki sawasawa, kisha alipokata, alipitisha mkasi vidole viwili ndani ya mstari. Hakumchukia, jamani. Alimpenda kupita kiasi, na aliwaogopa watu na midomo yao. Alijisemea kwamba nguo itamfunza, kwamba mtoto akibanwa atajikaza. Wazazi tuna maarifa yetu, na mengine ni sumu iliyotiwa sukari.

Mtoto hakujua habari ya mkasi. Alichojua ni kwamba alipimwa Jumatatu, na gauni lilipokuwa tayari Ijumaa halikufunga zipu. Akaamini kwamba kati ya Jumatatu na Ijumaa amenenepa. Akalala bila kula, na kesho yake akala jikoni amejificha nyuma ya mlango. Gauni lililofuata likawa vilevile. Akakua akiamini mwili wake ni kitu kinachovimba mtu akigeuza uso.

Vile vipande vyembamba vilivyokatwa, Mama Fundi hakuvitupa. Fundi hatupi kitambaa. Alivishindilia kwenye mto, ule ule wa cherehani.

Waliporudi kutoka saluni Jumamosi hiyo, Mama Fundi alimsindikiza binti yake mpaka kituoni, kisha akaenda moja kwa moja chumba cha cherehani.

"Mwenzio anadhoofika," alimwambia Bonge. "Hali chakula. Nenda kwake."

"Nipe gauni niende."

"Vaa hilo, jifunike mtandio."

"Mama, siendi mbele za watu na makwapa nje. Nimeshafanya hivyo maisha yangu yote."

Basi Mama Fundi akachukua futi yake, akampima kifua, kiuno, nyonga, mikono. Akatoa kitambaa kizuri cha kijani alichokuwa amekiweka akiba. Akachora chaki taratibu. Kisha akashika mkasi, na mkasi ukaenda vidole viwili ndani ya mstari.

Hakukusudia, safari hii. Aliutazama ukienda kama mtu anavyomtazama mbuzi wake akiingia shamba la jirani. Aliurudisha kwenye chaki, ukatoka tena. Alikata gauni la pili, akashika mkasi kwa mikono miwili. Likawa vilevile. Mkono uliofundishwa miaka yote hiyo ulikuwa umeshahitimu.

"Mpe fundi wa mtaa wa pili akate," alishauri Bonge, akipuliza chai.

"Aje aone aibu ya nyumba hii?"

"Aibu ni mimi au mkasi?"

Mama Fundi aliokota vipande sakafuni akavikunja.

Wiki hiyo binti alianguka dirishani. Alikuwa anampa mzee mmoja chenji yake, akateremka kwenye kiti taratibu na kutoweka kwenye dirisha, abiria wakadhani ameinama kuokota kalamu. Hospitali walimtundikia dripu. Daktari alimwita Mama Fundi pembeni, akamwambia kwa upole kwamba tumbo limepona vizuri kabisa, halina ila. Huyu anakufa kwa kutokula. Mama Fundi alirudi nyumbani.

Alikata gauni la tatu. Likawa dogo kama yale.

Bonge alilitazama muda mrefu, akalivaa. Lilimbana kifuani, zipu ikagoma katikati ya mgongo. "Si kitu, mama," alisema. "Nitabana pumzi. Nimezoea." Mama Fundi akampigia pini nyuma, akamfunika mtandio mabegani, wakatoka kwenda saluni. Jirani aliyekuwa anaanika nguo alimsalimia Bonge, akamwambia siku nyingi.

Jumamosi binti aliruhusiwa, akaja saluni akiwa na plasta ya dripu bado mkononi. Alikuta kiti cha pembeni yake kimekaliwa. Dereva wa lori alisogeza miguu yake kumpisha apite.

"Ulikuwa wapi?" binti aliuliza.

"Kwa mama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Binti aligeuka kutazama benchi la wasindikizaji. Wote waligeuka, hata wa zamani wa dereva alikuwa macho.

"Alikuwa anasubiri gauni," alisema Mama Fundi.

Hilo halikuwa uongo. Mama Kijiko alimtazama muda mrefu kidogo kuliko ilivyo heshima, kisha akaenda kuleta bakuli la mayai ya kuchemsha, kwa sababu mgonjwa huja kwanza.

Bonge alilitazama lile bakuli, na mara tumbo likamnguruma. Binti akaweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe. Alikata kipande cha yai kwa ncha ya kijiko, akatafuna, akatafuna, akameza. Akasubiri. Akachukua kingine.

"Taratibu," alisema Mama Kijiko. "Hakuna anayekunyang'anya."

Mama Fundi alijifuta macho. Laiti ingeishia hapo.

Mtandio wa Bonge uliteleza. Binti aliona zipu iliyogoma, pini, na nyama iliyojitokeza kati ya pini na pini. Aligusa mshono kwa vidole viwili.

"Kitambaa hiki kipya?"

"Kipya. Nimepimwa juzi."

"Umenenepa tena," binti alimwambia, kwa huruma, jinsi mtu anavyomwambia ndugu mgonjwa kwamba homa imerudi.

Hapo palikuwa na nafasi. Mlango wa saluni ulikuwa umefungwa, walikuwa wenyewe kwa wenyewe, na neno lenyewe lilikuwa fupi. Mama Fundi alifungua mdomo.

"Kitambaa hicho kimenywea," alisema. "Nilikiloweka."

Bonge aliinamisha kichwa. Alikuwa amebana pumzi.

Tangu siku hiyo hukaa pamoja, Bonge na mwenzake, katika chumba karibu na stendi. Bonge humkumbusha kula, na binti hula. Rangi imerudi kidogo. Dirishani hukaa wote wawili, mmoja anapokea pesa, mwingine anakata tiketi, na abiria wamezoea. Kiti ni kimoja, kwa hiyo hupokezana mto.

Mwisho wa msimu binti alimwomba mama yake gauni la kwendea kazini, la mwili huu mpya ambao haujawahi kushonewa kitu. Mama Fundi alifurahi. Alimpima mara mbili. Alichora chaki, akakaa akiitazama. Alifikiri labda mkasi ulikuwa unamjua Bonge tu, na kwa huyu hauna kinyongo. Kisha akakata.

Ijumaa binti alikuja kulijaribu, Bonge amekaa kwenye kigoda akimshikia mkoba. Zipu ilipanda mpaka katikati ya mgongo ikasimama. Mezani kulikuwa na sahani ndogo, samaki aliyechambuliwa miiba na kijiko cha chai.

"Nimeanza kunenepa," alisema binti.

Mama Fundi alikuwa ameshika pini mdomoni. Mwenye pini mdomoni hasemi, kila fundi anajua hivyo.

Binti alisogeza sahani pembeni. Kwenye kigoda, tumbo la Bonge lilinguruma, likanguruma tena, na safari hii binti hakuweka mkono juu ya tumbo lake.