Picha ya Ayuma Ukutani

Apondi alikuwa karani wa wafanyakazi katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area, Nairobi. Jioni alisomea diploma, na mwaka huo wa 1996 kila alilofundishwa alitaka kulijaribu papo hapo. Mhadhiri wa saikolojia alisema mtu hurudia lile analotuzwa. Basi Apondi akamshawishi meneja, na mwezi wa Mei picha ya Ayuma, mwepesi kuliko wote katika kufunga katoni, ikabandikwa ukutani. Akapewa na kilo mbili za sukari.

Juni, Ayuma akapunguza kasi. Julai akawa wa mwisho.

Apondi akakosa raha. Alipekua daftari la masomo mbele na nyuma: labda ni njaa, labda hofu, labda mtu hutaka kupendwa kabla ya kutaka sifa. Meneja alikuwa amemwahidi ofisi ya peke yake mpango ukifaulu. Jumapili alimwacha mumewe aende kanisani peke yake, akatoka Buruburu kwa miguu hadi Mukuru kwa Njenga, akiulizia nyumba ya Ayuma.

Alimkuta anafua mlangoni.

"Madam, kwema?"

"Kwema tu. Nimekuja kuuliza. Unaumwa? Ama sukari ilikuwa kidogo?"

Ayuma akakamua shati taratibu. "Zamani nikimaliza zangu, nilikuwa namsaidia mwenzangu Nafula. Vidole vyake vinamuuma. Siku ilikuwa inaisha hata hatujui. Ulipoweka ile picha, msimamizi akaanza kuwauliza wenzangu, mbona Ayuma anaweza na nyinyi hamwezi? Wakaacha kukaa na mimi saa ya chai. Sasa nikishika sabuni, naona macho yao tu."

"Ungeniambia."

"Ulikuwa umefurahi sana. Hata ulinishika bega, mpiga picha akupate na wewe."

Apondi akahisi uso unamchoma.

"Na wewe, madam," Ayuma akauliza bila ukali, "nini kimekuleta huku kwa miguu? Ni mimi, ama ni kazi yako?"

"Sijui," Apondi akasema.

Ayuma akamsogezea kibao, Apondi akaketi.

Jumatatu Apondi alifika kabla ya kengele, akaibandua picha. Meneja akamwamuru airudishe. Akakataa, akaeleza sababu. Ile ofisi akapewa mtu mwingine. Kufikia Septemba Ayuma alikuwa anamsaidia Nafula tena, ingawa kasi yake ya awali haikurudi.

Novemba, kwenye mtihani, Apondi aliulizwa binadamu husukumwa na nini. Akajaza ukurasa kwa majibu ya daftarini, akaukata wote kwa mstari, akaomba karatasi nyingine, akaandika aliyoyaona kiwandani hadi mkono ukafa ganzi. Alipita kwa alama za chini kuliko alizowahi kupata, na Januari akaanza mwaka wa pili.