Bakuli la Kombe

Bi Mwatum hakuwa na mume, wala mtoto wa kiume, wala shina la mnazi aliloweza kuliita lake. Hakuwa na viatu. Hakuwa na buibui. Alilolivaa siku ile kuja mjini lilikuwa la jirani yake Kidawa. Hakujua kusoma. Na tangu mwezi uliopita hakuwa na bakuli lake, na hilo ndilo lililomtoa Bwejuu kwa gari la alfajiri, asubuhi moja ya mwaka 1954, likamkalisha sakafuni nje ya mlango wa ofisi ya Bwana, Mzungu wa serikali, akisubiri kuitwa.

Lilikuwa bakuli jeupe, lenye samaki wawili wa buluu ndani. Watu wa Bwejuu walisimulia kuwa jini wa pangoni alimpa bakuli hilo bibi wa bibi yake Bi Mwatum, ujira wa kumzalisha mkewe. Tangu hapo kila mwanamke wa kijiji aliyekaribia kujifungua aliandikiwa kombe humo: aya kwa wino wa zafarani, zikaoshwa kwa marashi, akanywa. Binti yake Wanu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mimba mbili za kwanza alizibeba Kidichi kwa mumewe, mbali na bakuli, na zote ziliharibika. Safari hii alirudi kwa mama yake kwa ajili hiyo tu. Sasa hali wala halali.

"Mama, na huyu atakwenda," husema, huku akigeukia ukutani.

Mlango ulifunguliwa. Alitoka Msabah, karani na mkalimani.

"Shikamoo, bibi. Umekuja tena?"

"Marahaba, mwanangu. Nnataka bakuli langu."

"Bwana ulimpa mwenyewe alipokuja nyumbani kwako, bibi."

"Nilimkaribisha! Mgeni kalisifu mara tatu, mie nimwambie nini? Nikasema karibu, ni lako. Naye alitakiwa aseme ahsante, na libaki papo hapo. Mamako si mtu wa Jambiani? Hayo huyajui?"

Msabah alitazama viatu vyake. "Nayajua."

"Na ulikuwapo. Mbona hukumwambia?"

"Alikuwa keshalifunga kwenye taulo, bibi."

Ndani, Bwana aliinuka kumpokea. Alikuwa mtu mpole. Alimvutia kiti, akaagiza chai. Juu ya meza kulikuwa na kasha wazi lililojaa maranda ya mbao, na bakuli limelala katikati. Bi Mwatum alinyoosha mkono. Bwana akalivuta kasha kidogo upande wake, taratibu, kama mtu anayemwepusha mtoto na moto.

"Mwambie limetoka Uchina," alisema, na Msabah akafasiri. "Lina miaka mia sita. Mwambie huko Ulaya litakaa ndani ya kioo, halitavunjika kamwe."

"Mwambie na kwetu halikuvunjika," alisema Bi Mwatum. "Mwambie mwanangu ana mimba, kishapoteza mbili, na kombe lake ni la bakuli hilo. Nnaliomba. Akishajifungua salama, na aje alitazame atakavyo."

Msabah alifasiri yote, hakupunguza neno. Bwana alisikiliza, akavua miwani.

"Muulize. Siku ile alisema ni langu, au hakusema?"

"Nilisema."

"Basi alisema uongo?"

 Kijijini kwake Bi Mwatum, wanawake waliposhutumiana, yeye ndiye aliyeitwa kusema aliloliona, na likishatoka kinywani mwake, ugomvi ulikwisha.

"Msabah, mwanangu, mweleze tu yalivyo kwetu."

"Nimweleze nini, bibi?" Sauti ya karani ilishuka. "Kuwa sisi husema tusilolikusudia? Ataliandika hilo. Watalisoma huko kwao."

Bwana alikuwa akingoja, kalamu mkononi.

"Mwambie," alisema Bi Mwatum hatimaye, "mie si mwongo."

Msabah alifasiri. Uso wa Bwana ukakunjuka.

"Nilijua," alisema, akamshika mikono yote miwili. "Nilijua."

Akaketi, akatia saini barua iliyokuwa tayari mbele yake, akaikunja na kuitia ndani ya bahasha. Akawasha kiberiti chini ya kijiti cha lakiri. Nta nyekundu ikadondoka. Akaigandamiza kwa muhuri, akaipuliza.

"Inasema nini?" aliuliza Bi Mwatum.

"Inasema bakuli ni zawadi."

"Ya nani?"

"Ya mwanamke wa Bwejuu."

"Jina langu hakuliandika?"

"Hakuliuliza, bibi."

Bwana alipigilia kifuniko cha kasha, akagonga kengele. Tarishi akaingia, akaitia barua mkobani na kujitwika kasha begani. Meli ilikuwa ikingoja bandarini Malindi, hapo hapo mjini. Bi Mwatum alikuwa amekwishainuka, na bila kujua alivyofika hapo, alikuwa amesimama katikati ya mlango.

"Nipishe, bibi," alisema tarishi.

Akampisha.