Kangaruu, Bakteria na Mtoto wa Kifuani

Mwalimu wa baiolojia alijifungua kabla ya siku zake. Muuguzi akamfunga kichanga kifuani, ngozi kwa ngozi. "Mbebe kama kangaruu," alisema. "Joto lako ndiyo dawa yake." Mtoto akaanza kunenepa. Kisha asubuhi moja akakataa ziwa, mwili ukapoa. Wakamtoa damu, ikapelekwa maabara, naye akaanzishiwa dawa huku jibu likisubiriwa.

Tangu hapo mwalimu hakutulia. Akikaa anainuka, akifika dirishani anageuka. Wifi yake, fundi cherehani, alimtazama mpaka akachoka.

"Wifi, utatoboa sakafu! Hebu nifundishe, angalau uchoke mdomo badala ya miguu. Wanatafuta nini humo damuni?"

"Bakteria. Pengine yule anayeishi matumboni mwetu. Huko hana neno, ila akiingia kwenye damu ni balaa."

"Naye anazaa kama kangaruu wenu?"

"Hazai. Anajigawa, kila nusu inakuwa bakteria mzima. Haifiki hata nusu saa, wanajigawa tena. Hana mimba, hana mama, hana anayemsubiri. Kangaruu mwekundu anazaa mmoja tu, mdogo kama haragwe, tena kipofu. Haragwe hilo linaparamia manyoya lenyewe mpaka kwenye mfuko wa tumboni mwa mama, naye anambeba miezi na miezi..." Akamtazama mtoto kifuani. "Mmoja tu, wifi. Na yule mwingine saa hizi ni maelfu."

Wifi alimsogelea. Alifungua vifungo vya gauni lake. "Nipe mwanangu. Moyo wako unampigia ngoma, atalalaje? Nenda kanawe uso."

Mwalimu alisita, akampa. Kifua kikabaki na baridi. Badala ya kunawa, alikwenda kusimama mlangoni kwa mtu wa maabara, akaondoka, akarudi tena.

"Mama," yule bwana akamwambia kwa upole, "bakteria tunaowaotesha humu hawaoti upesi eti kwa sababu umewasimamia."

Jibu lilitoka kesho yake. Alikuwa yuleyule wa tumboni, na ipo sindano inayomweza. Daktari akabadilisha dawa. Ilichukua siku kadhaa mtoto kulishika ziwa, kwanza kwa uvivu, halafu kwa hasira, kama aliyedhulumiwa.

"Haya, sasa lala," wifi akasema.

Mwalimu akalala vivyo hivyo amekaa, kiganja mgongoni mwa mwanawe, akigutuka kila pumzi ilipochelewa.