Pumzi ya Jhagru

Miaka thelathini Pandit Umakant, kuhani wa Kihindu, aliwahubiria watu wa ukingo wa mto Kosi jambo moja: kila kitu ni Mungu. Mto ni Yeye, nyoka ni Yeye, hata kinyesi cha ng'ombe ni Yeye. Watu walimpa mchele wake, wakaenda zao.

Siku ya mafuriko alipewa nafasi kwenye mashua iliyokuwa ikimkimbiza hospitali Jhagru, mchuna ngozi za ng'ombe waliokufa. Nyoka alimgonga usingizini. Kope hazikufunguka tena, kifua kilikuwa kimelala. Moyo tu ndio uliokuwa ukipiga. Nesi Pramila alikuwa amepiga magoti, akimpulizia pumzi mdomoni.

"Sumu imelaza mapafu tu," alisema, akitweta. "Tukimpulizia mpaka tufike, atapona. Lakini mimi naona kizunguzungu. Nipokeeni!"

Bigni, mama wa mgonjwa, alikuwa na pumu. Alijaribu mara mbili akaanguka. Mpiga kasia akasema akiachia kasia wote watazama. Akamtazama Umakant, akacheka bila furaha. "Leo somo limekuja na mtihani, Panditji."

"Si ulisema aliye ndani yako ndiye aliye ndani ya mwanangu?" Bigni akadakia. "Haya, mpulizie."

Umakant akasogea. Akauona ule mdomo: ugoro kwenye meno, ute shavuni. Kwa watu wa tabaka lake, hata mtungi ulioguswa na watu wa tabaka la Jhagru ulikuwa najisi, ukavunjwa.

"Ngoja nimpanguse kwanza."

Akavua shuka la begani, akalichovya mtoni, akalikamua. Kisha akaanza sala ya kutakasa maji. Ilikuwa ndefu, na kuikatiza ni mkosi.

"Puliza, mzee!" nesi alipiga kelele, kichwa kikining'inia nje ya mashua, akitapika. "Puliza!"

Aliimaliza sala. Akapangusa, akainama, akapuliza. Akapuliza tena na tena, mpaka Pramila alipotambaa, akaweka vidole shingoni mwa Jhagru na kuviacha pale muda mrefu.

"Basi, Panditji. Acha."

Bigni hakulia. Umakant akamgeukia, na maneno yakamtoka kwa mazoea: "Hakuna aliyekufa, mama. Aliyemo humo hafi."

"Basi mwite," Bigni akasema. "Mwite aitike."

Umakant akafungua kinywa. Miaka thelathini kijiji kimoja, na jina la mtu yule hakulijua.