Koki ya Kitanda cha Sita

...au hakuifungua? Aliuondoa mtungi mtupu wa oksijeni, akauvuta mpya, akachomeka mrija, hapo ndipo mgonjwa wa kitanda cha tano alipopaliwa na kikohozi, akageuka, na baada ya kugeuka hakumbuki kitu, kama mtu amekata kipande cha siku kwa mkasi, na sasa joho la kinga ameshalivua, liko kwenye pipa, na joho ni moja kwa zamu, ukitoka umetoka, kwa hiyo amesimama kwenye sinki la chumba cha kubadilishia anasugua mikono, vidole vimekunjamana, na ukutani tangazo linasema wauguzi ni mashujaa, shujaa gani asiyejua kama amefungua koki, heri wangebandika joho la pili... anagonga kioo cha dirisha la wodi, ndani muuguzi mwenzake, Twiga, joho likimwishia magotini, anageuka polepole, naye anamwonyesha sita kwa vidole, anazungusha kiganja kama anayefungua bomba, na Twiga anakwenda, mbona anajikokota, huyo wa sita ni mama mshonaji, jana alimwambia, "Mwanangu, barakoa yako imeshonwa ovyo, nikitoka hapa nitakushonea ya maana," wakacheka, kama alivyocheka na yule mzee wa wiki iliyopita, ambaye mtungi wake uliisha wakati wa kupokezana zamu na kila mmoja alidhani mwenzake... hapana, usianze.

"Kumbe bado upo," matroni anachungulia mlangoni, daftari mkononi, "kesho nina pengo asubuhi, nikuandike? Wewe ndiye nguzo yangu," nguzo, nani aliwahi kuiuliza nguzo kama imechoka, na siku zote ulimi humtangulia, sawa matroni, hamna shida matroni, lakini Twiga amerudi, anabandika karatasi kwenye kioo, KOKI IKO WAZI, ANAPUMUA VIZURI, na chini yake, kwa herufi ndogo, dada, tangu utoke umeniuliza mara nne, ukigonga tena nakubeba mgongoni mpaka kwenu. Nne? Yeye anakumbuka moja, hii, anaitafuta ya pili, ya tatu, hazipo, na mama wa watu anapumua, koki iko wazi, mikono ilifanya kazi yake, ni yeye ambaye hakuwepo, na kesho mikono ikikosea nani atakuwepo kuiona... "Nikuandike?" matroni anarudia, kalamu imeshagusa karatasi, maji bado yanatiririka, na ulimi, safari hii, unamsubiri mwenyewe, hapana, matroni, kesho usiniandike.