Kiti cha Nyuma

Hermenegildi alijifunza pikipiki akiwa na miaka sitini na mbili, baada ya kustaafu kwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Ifakara. Pikipiki yenyewe ilikuwa ndogo, wanawe walimnunulia, na vijana wa bodaboda walimtania kila alipopita kijiweni, wakamwambia aangalie kuku wasimpite. Hakuwajali. Wengi wao waliingia barabarani bila kuonana na mwalimu. Yeye alikuwa na leseni ya kujifunzia mfukoni, kofia ngumu kichwani, na herufi L nyekundu mbele na nyuma. Masharti aliyasoma mpaka akayakariri. Lililomkaa zaidi ni kwamba mwanafunzi haruhusiwi kupakia abiria mpaka afaulu mtihani.

Mtihani ulipangwa Alhamisi. Jumapili, wakitoka misa ya kwanza, mkewe Digna alipigiwa simu kutoka Mkula. Dada yake, Rosa, yuko hoi, hali chakula, na anamwulizia yeye.

Digna alitia kanga mbili kwenye mfuko, akaja kusimama kando ya pikipiki.

"Baba Fidel, nipeleke."

"Naruhusiwa peke yangu. Wewe utakuwa abiria."

"Abiria ni anayelipa nauli. Mimi ni mkeo."

"Sheria haijui mke," alisema. "Inajua kiti cha nyuma."

Basi, Digna akasema, atapanda gari. Hapo Hermenegildi angemchukulia mfuko wake akamsindikiza stendi, mambo yangeishia hapo. Lakini siku ya harusi yao Rosa alisema mbele ya wageni kwamba mdogo wake anaolewa na mtu atakayemtembeza kwa miguu mpaka uzeeni. Watu walicheka. Hermenegildi naye alicheka, kisha akakaa na neno lile moyoni miaka thelathini na minane. Pikipiki ilipofika nyumbani, jambo la kwanza aliloliona akilini ni uwanja wa Rosa, na Digna akishuka.

"Nisubiri Alhamisi," alimwambia. "Siku nne tu. Nitakufikisha mwenyewe mpaka mlangoni pake."

Digna naye alilikumbuka neno la harusini vizuri kama yeye. Aliurudisha mfuko ndani, ila kanga hakuzitoa.

Jumatano saa sita mchana Hermenegildi alikuwa nyuma ya nyumba akizunguka vijiti alivyovichomeka, akijizoeza namba nane ya mtihani bila kugusa chini. Aliposikia kilio cha mkewe jikoni, aliweka mguu chini. Injini ikabaki inaunguruma.

Walikwenda Mkula kwa basi. Alhamisi, saa ambayo wenzake walikuwa wakiitwa majina mbele ya trafiki, yeye alikuwa ameshika koleo kaburini. Jioni Dativa, binti wa marehemu, alikuja kuketi karibu naye. Alisema bila kinyongo, kama mtu anayetoa habari tu.

"Baba mdogo, mama aliuliza mpaka mwisho kama mama mdogo amefika. Tukawa tunamwambia yuko njiani."

Mtihani aliufanya mwezi uliofuata, akafaulu. Mwalimu wake, Evod, alimsifu mbele ya vijana kwamba hakuna aliyeyajua masharti kama mzee huyu. Aliporudi nyumbani alizibandua zile L mwenyewe, gundi ikaacha alama ambayo haikutoka hata kwa mafuta ya taa.

Siku ya arobaini alimpakia Digna kwenda Mkula. Aliendesha bila kosa, akipunguza mwendo kila penye tuta, akiwasha taa kila alipokata kona. Penye mashimo alimwambia amshike kiunoni asije akaanguka.

"Nimeshika chuma," Digna alisema.

Alikuwa amekishika kile cha kufungia mizigo, nyuma ya kiti. Hakukiachia mpaka walipoingia uwanjani kwa Rosa, ambako hakuna aliyetoka kutazama wamekuja na nini.